Akina Mama Neema Kumi na Mmoja

Nimestaafu Jumamosi iliyopita, nikiwa na miaka kumi na saba na afya njema isipokuwa macho. Jumatatu naripoti kidato cha tano, shule ya bweni, mahali ambapo kukutwa na simu ni kosa kubwa kuliko kukutwa na mamba bwenini. Kwa hiyo nawaandikia ninyi wawili, Juma na Pili, mnaoshika kazi kwa Mzee Mihayo baada yangu. Najua mko kidato cha pili na mnajiona mmeshaiva. Na mimi nilijiona hivyo hivyo. Kaeni chini.

Wastaafu wengine huanza na vyeo. Mimi kwa miaka mitatu nilikuwa na cheo kimoja, nacho ni "wewe". Wewe leta waya, wewe funga mlango, wewe nani kakalia miwani yangu. Mshahara nao hauna simulizi, tuuache ulale. Nitawaeleza kazi, vifaa, watu walionifundisha, na ile Ijumaa ambayo nilimpoteza mama wa mtu huku nikila chipsi mayai.

Siku ya kwanza nilikwenda nikiamini naenda studio. Kichwani nilikuwa na taa za rangi na maikrofoni inayoning'inia. Nikakuta chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari, meza mbili, kompyuta mbili, feni inayozunguka inapojisikia, na mzee aliyevaa koti la suti na kandambili. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa soksi. Soksi moja tu, ya kijivu. Nilisimama nimeishika nikijiuliza kama hii ndiyo sare ya kazi. Kumbe ni nguo ya kinasa sauti. Ukikivalisha soksi, upepo hausikiki ndani. Soksi hiyo bado ipo kwenye droo ya kushoto. Msiifue. Nilishawahi kuifua na Mzee Mihayo alininunia wiki nzima, eti nimeondoa uzito.

Kazi yenyewe ni hii. Familia inamwita Mzee Mihayo aende alipo mzazi wao, au babu yao, au bibi. Mzee wa watu anakaa, anasimulia: kazaliwa wapi, ukoo umetoka wapi, nani kazikwa wapi, nani alimwibia nani ng'ombe. Tunarekodi. Siku akiondoka duniani, watoto wanabaki na sauti yake. Mzee Mihayo amefanya hivyo miaka na miaka, kwa treni hadi Igalula na Tura, kwa basi hadi Ulyankulu, kwa baiskeli hadi mahali ambapo hata jina lake sijalipata kwenye ramani.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Igalula. Nilimrekodi babu mmoja kwa saa mbili kuhusu vita vya mipaka ya shamba, akalia, akacheka, akaimba. Mwishoni nikatazama kinasa sauti: kilikuwa kimesimama tangu "Bwana asifiwe". Mzee Mihayo hakunigombeza. Alimwomba yule babu radhi, akamwambia kijana huyu amependa sana hadithi yako, anaomba aisikie tena. Babu akairudia yote, na mara ya pili adui zake walikuwa wameongezeka. Tangu siku hiyo natazama taa nyekundu kila dakika. Nanyi mtaitazama.

Sasa sikilizeni mambo mawili ya Mzee Mihayo yaliyonishangaza mwanzoni, kwa sababu ndiyo yaliyozaa balaa.

La kwanza, haandiki jina la mtu mzima. Anasema mtu mzima haitwi jina lake kama mbuzi wa mnadani. Kwa hiyo kila faili ya sauti anaipa jina la heshima: Mama Neema, Baba Shija, Bibi Joni. Nilimwuliza mara moja kama haoni shida, akaniuliza kama mimi mama yangu namwita jina lake. Kwenye simu yangu mwenyewe ameandikwa "Mama", na sikuwahi kuona ajabu.

La pili, folda zake. Mtu mwenye akili zake, yaani mimi, angeandika tarehe na kijiji. Mzee Mihayo anaipa kila safari jina la jambo lililotokea njiani. Fungueni kompyuta muone. "Mvua ya mawe." "Treni ilikaa Igalula." "Nilisahau mwavuli." "Kuku aliyetoroka." "Dereva alikuwa mlokole." Mamia ya folda hivyo hivyo. Nilizihesabu kuwa takataka, na nilisema hivyo kwa Dada Rehema.

Dada Rehema ni mpwa wa Mzee, anakaa meza ya pili, ndiye aliyenifundisha kukata sauti na kusafisha kelele. Wikiendi anakodisha sahani za harusi, na sheria yake moja ameitoa huko: hesabu kabla, hesabu baada. Sahani mia mbili zikitoka, mia mbili zirudi, na bibi harusi asikuambie habari za furaha yake kabla hujahesabu. Alinikumbusha sheria hiyo kila siku kwa miaka mitatu. Nilikuwa naitikia "sawa Dada" huku nikifikiria mambo mengine.

Balaa lenyewe lilianza Jumanne ya wiki hiyo hiyo niliyostaafu, kwa simu ya mama mmoja kutoka Tura. Jina lake Neema. Mama yake alikuwa akiuza asali pale stesheni, dirisha kwa dirisha treni inaposimama, na Mzee Mihayo alimrekodi hapo hapo jukwaani. Mama yake huyo alikuwa amefariki mwezi mmoja nyuma. Jumapili kungekuwa na ibada ya kumaliza msiba, ndugu wote wanakuja, na Neema alitaka sauti ya mama yake isikike siku hiyo. Angekuja na treni Jumamosi kuichukua.

"Nina picha yake moja tu, ya kadi ya kupigia kura, na humo amekasirika," aliniambia. "Sauti sina kabisa. Ni hiyo yenu tu."

Nikamwambia asiwe na shaka, ipo salama, ipo mawinguni. "Mawinguni?" aliuliza. Ndipo nilipogundua nimemwambia nini mtu aliyefiwa.

Kesho yake Jumatano ndipo nilipopata mshtuko wa kwanza wa kweli. Mnajua kwamba sauti zetu zote zinahifadhiwa mtandaoni, kwenye kompyuta za watu wa mbali, ndiyo hayo mawingu. Nilichokuwa sijui ni kwamba akaunti ile haikuwa ya Mzee. Ilikuwa ya mwanawe Kelvin. Tena si ya Kelvin hasa, ilikuwa ya chuo alichosoma Kelvin, ambacho kiliwapa wanafunzi nafasi kubwa ya bure. Mzee Mihayo alikuwa ameweka wazee wa mkoa mzima, walio hai na waliokufa, ndani ya akaunti ya mwanafunzi wa uhasibu. Na Kelvin alikuwa amehitimu. Chuo kilikuwa kimemwandikia barua pepe tatu kwamba akaunti za waliohitimu zitafutwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Kelvin hasomi barua pepe. Aliikuta ya tatu kwa bahati akitafuta kuponi ya piza, ndipo akatupigia.

Nilimtazama Mzee nikitegemea angalau akae chini. Akaniuliza kama Ijumaa hiyo ni hii au ile nyingine.

Diski ya akiba? Ilikuwepo. Iliingiwa na siafu masika yaliyopita. Msicheke, na mimi nilicheka kabla sijaelewa.

Tukafungua akaunti mpya, ya kwetu wenyewe, na Alhamisi saa nne asubuhi nikaanza kuhamisha. Faili zilikuwa elfu nane na ushee. Nikaandika skripti fupi, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata yenyewe: chukua faili, inakili kwenye akaunti mpya, subiri jibu, chukua inayofuata. Faili zenyewe hazikupita kwetu, zingemaliza bando kabla ya chai. Sisi tulituma amri tu, na mashine za huko ziliko zikapeana. Lakini kila amri moja ilichukua kama nusu dakika, na karibu yote ilikuwa ni kusubiri jibu. Nikapiga hesabu kwenye kikokotoo. Nikapiga tena. Saa sitini na sita na zaidi. Tulikuwa na saa thelathini na mbili.

Mzee Mihayo aliomba nimweleze kwa Kiswahili cha kawaida. Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akauliza kwa nini namtuma mpagazi mmoja aende pwani na mzigo mmoja, arudi, ndipo achukue wa pili.

Lazima niseme kitu hapa. Kila mzee wa Tabora babu yake alikuwa mpagazi wa misafara. Hakuna hata mmoja ambaye babu yake alibaki nyumbani kulima viazi, na sijui viazi hivyo nani alilima. Nilikuwa nimezisikia hadithi za babu yake Mihayo mpaka nazijua na vituo. Kilichoniudhi safari hii ni kwamba alikuwa sahihi. Kompyuta inaweza kufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, kila moja kwenye uzi wake. Huyu akisubiri jibu, yule anatuma, wa tatu anapokea. Nilikuwa nimewahi kusoma habari hizo na kuziruka kwa sababu zilikuwa na mifano mirefu.

Nilishinda Alhamisi yote nikiandika upya. Wapagazi thelathini badala ya mmoja. Katika majaribio intaneti ilikatika mara mbili na kuacha faili nusunusu upande mpya, kwa hiyo nikaongeza agizo: ukikuta jina lipo tayari, lifute, weka lako. Na kwa kuwa folda za Mzee zilikuwa takataka, nikaona nimsaidie. Nikaagiza faili zote ziingie kwenye folda moja safi inayoitwa SAUTI. Nilijisifu kwa hilo. Nilimwambia Dada Rehema kwamba siku moja watanishukuru.

Nadhani mmeshaona. Mimi sikuona.

Ijumaa saa tatu asubuhi niliiwasha. Jamani. Mistari ilimiminika kwenye kioo kama mvua kwenye bati, sikuweza hata kuisoma. Kazi ya siku tatu iliisha kwa saa mbili na nusu. Kioo kikaandika: imekamilika, makosa sifuri. Niliruka, nikagonga kichwa kwenye rafu, nikaruka tena. Mzee Mihayo alinipa mkono kama mtu mzima mwenzake. Nikaenda kununua chipsi mayai, nikaongeza mishikaki, nikala taratibu kama mtu mwenye mjukuu.

Dada Rehema alirudi mchana kutoka kupeleka sahani zake. Kabla hajaweka mkoba aliniuliza kama nimehesabu. Nikamwambia kioo kimesema makosa sifuri.

"Sikukuuliza kioo kimesema nini," alisema.

Basi nikahesabu, ili anyamaze. Akaunti ya zamani: faili elfu nane mia moja na sita. Akaunti mpya: elfu saba mia nane sitini na mbili. Nikasugua macho. Nikahesabu upya. Namba hazikubadilika. Watu mia mbili arobaini na nne walitoka upande mmoja na hawakufika upande wa pili, na hakuna kosa hata moja lililoandikwa.

Nikatafuta Mama Neema. Yupo. Nilishusha pumzi. Nikafungua nisikilize, na sauti iliyotoka ilikuwa ya bibi wa Ulyankulu, mkazi wa barabara ya nane, anayesimulia mbuzi wake alivyokula hati ya shamba. Hakuwa Mama Neema wa Tura. Nikatafuta mwingine. Hakukuwa na mwingine.

Nikarudi akaunti ya zamani, nikatafuta jina lile lile. Walitokea kumi na mmoja.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa yote kwa mpigo, kama mtu aliyemwagiwa maji. Mkoani kwetu ukipiga kelele "Mama Neema" stesheni, nusu ya jukwaa inageuka. Kwenye folda zao kumi na moja walikuwa wanawake kumi na mmoja. Nilipowamwaga kwenye folda moja wakawa jina moja, na kila mpagazi aliyefika alimkuta mwenzake ameshatua, akafuta, akaweka wake, kama nilivyomwagiza. Hakuna aliyekosea isipokuwa mimi. Mama Shija walikuwa tisa. Bibi Joni walikuwa kumi na wanne.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Akaunti ya zamani inafutwa saa kumi na mbili. Mama wa Neema bado alikuwa huko.

Nilimwambia Mzee Mihayo. Sijui niliyasemaje. Ninachokumbuka ni kwamba alivua koti. Miaka mitatu sijawahi kumwona bila koti, ndani alikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani, na hilo lilinitisha kuliko kama angenipiga kofi.

Ningekuwa na akili timamu ningetulia. Sikuwa nayo. Nilibadilisha maagizo majina ya folda yabaki, halafu, kwa kuwa wapagazi thelathini walikwenda mbio, nikaweka mia moja. Nikawasha. Mistari kumi ilipita vizuri, ya safari ya Nzega. Halafu yote ikawa myekundu: maombi yamezidi, subiri. Skripti haikusubiri, kwa kuwa sikuifundisha kusubiri. Kila iliyokataliwa iliomba tena papo hapo, na kila ilipoomba, mlango ulizidi kufungwa. Nilikaa nikitazama wekundu ule kwa zaidi ya nusu saa nikiamini utachoka. Saa kumi na nusu ikapita.

Mzee Mihayo alikuwa amesimama nyuma yangu. Akauliza wako wangapi. Nikamwambia mia.

"Visima vingapi?"

"Kimoja, Mzee."

"Watu mia kwenye kisima kimoja watakunywa matope," alisema. "Babu yangu alisema msafara mkubwa ulikuwa unakaa mbali na maji, wanakwenda sita, wakirudi wanakwenda sita. Anayekuta foleni anarudi kukaa, na safari ya pili anakaa zaidi."

Nilitaka kumwambia tafadhali si sasa. Kisha nikayasikia maneno yenyewe. Nikaizima skripti, nikafuta zile za Nzega zilizojirudia. Nikaweka wapagazi sita. Nikaongeza agizo kwamba ukikataliwa usubiri, ukikataliwa tena usubiri mara mbili yake. Dada Rehema alinisomea orodha ya waliokosekana tu, tusiwabebe upya wale waliofika, huku akiweka alama kwa kalamu kila jina, kama sahani. Mlango wenyewe ulikuwa bado umenuna kwa makelele yangu ya mwanzo. Tulikaa kimya tukiusubiri. Sijawahi kukaa kimya muda mrefu hivyo, muulizeni mwalimu yeyote.

Saa kumi na moja na robo nikauliza Tura ilikuwa folda gani, ili itangulie. Waliokosekana walikuwa mia mbili na kitu, na hakuna folda hata moja iliyoandikwa Tura. Nilitegemea Mzee aanze kuhangaika kama mimi.

"Kuku aliyetoroka," alisema, bila hata kufikiri. "Mama yule alinipa jogoo wa kuja naye. Akatoroka ndani ya behewa, tukamkamata karibu na Igalula. Mwekeni huyo mbele."

Takataka zile zilikuwa kichwa chake kizima, zimepangwa vizuri kuliko daftari langu lolote. Nilijisikia mdogo sana kwenye kile kiti.

Saa kumi na moja na dakika ishirini mlango ulifunguka. Mstari mmoja mweupe, peke yake: Kuku aliyetoroka, Mama Neema, imefika. Halafu wengine, sita sita, taratibu, kama watu wanaojua wanakokwenda. Sikutaka kuamini kioo tena. Nikaifungua ile faili hapo hapo. Honi ya treni, kelele za abiria, kisha mwanamke akisema kwa haraka: "Subiri mwanangu, nimuuzie huyu kwanza." Alikuwa ameacha hadithi ya maisha yake ili auze asali. Dada Rehema aliangua kicheko, akafuta macho kwa kiganja, akarudi kwenye orodha yake.

Saa kumi na moja na dakika arobaini akatia alama ya mwisho. Elfu nane mia moja na sita upande huu, elfu nane mia moja na sita upande ule. Alihesabu yeye, nikahesabu mimi, Mzee akahesabu kwa sauti ingawa hakuwa akiona vizuri. Saa kumi na mbili ilipogonga nilijaribu kufungua akaunti ya zamani. Haikuwepo. Hakuna kishindo, hakuna kwaheri. Ukurasa mweupe tu.

Siku ya pili asubuhi Neema alishuka na treni, amefuatana na mumewe, na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa ajili yetu. Hatukuwaambia lolote la Ijumaa, nanyi msiwaambie. Mzee Mihayo, koti limerudi mahali pake, aliwakaribisha viti. Mimi nikabonyeza.

Treni ikapiga honi. Mama akauza asali yake, akarudisha chenji, akamsifia mteja mtoto wake mnene. Neema alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Kisha sauti ikatulia, ikakaribia kinasa sauti.

"Haya. Hapa Tura wananiita Mama Neema. Kwenye kadi wameandika Maria, hilo ni la padri. Mimi jina langu ni Nyamizi."

Mume wa Neema aliinuka kama aliyekalia moto, akatoka nje. Nilidhani amechukia. Kumbe kwao jina la mkwe halitamkwi wala kusikilizwa, na yeye hakuwa amelijua kwa miaka yote ya ndoa. Alisimama mlangoni ametupa mgongo, kofia mkononi, akasema kutoka huko huko, "Mkimaliza hapo penye jina mniite."

Neema alikuwa ananitazama mimi, na uso wake ulikuwa umeshangaa kuliko nyuso zangu zote za Ijumaa zikijumlishwa.

"Nyamizi," alisema polepole. "Sikuwahi kumwuliza." Akavuta kiti karibu na spika. "Rudisha hapo."

Nikarudisha. Akasema rudisha tena. Niliirudisha mara nne, mumewe akisubiri nje kwenye jua bila kulalamika, halafu tukamwita tukasikiliza mpaka mwisho, dakika hamsini, pamoja na ule wimbo wa kurina asali ambao Mzee Mihayo aliujua akaitikia kiitikio.

Walipoondoka nilimwuliza Mzee kama naweza kuongeza jina kwenye faili ile. Nilitegemea anikumbushe mbuzi wa mnadani. Aliifuta miwani kwanza. Akasema andika, lakini Mama Neema atangulie. Basi imeandikwa hivi: Kuku aliyetoroka, Mama Neema, Nyamizi. Naye akaingia kwenye kompyuta yake, akaunda folda ya safari yetu ya Ijumaa, ingawa hatukwenda popote. Nilichungulia. Ameiita "Kijana aliwamwaga akina mama". Nimefanya kazi miaka mitatu na hilo ndilo litakalobaki kwenye kumbukumbu.

Mchana wa siku hiyo, kabla ya kukabidhi ufunguo, niliwasikiliza akina Mama Neema wengine wote kumi, dakika za mwanzo za kila mmoja, kalamu mkononi. Wanane wanajitaja wenyewe, nimeshawaandika. Yule wa mbuzi anaitwa Kalunde. Wawili hawajitaji kabisa. Mmoja yuko kwenye "Mvua ya mawe", anakohoa, anaanza moja kwa moja na njaa. Mwingine yuko kwenye "Treni ilikaa Igalula". Namba za watoto wao ziko kwenye kadi nyeupe, droo ya kushoto, chini ya soksi. Wapigieni Jumatatu. Anzeni na shikamoo, ulizeni hali ya nyumbani, kisha mwulizeni jina la mama yake mwenyewe. Akikaa kimya msikate simu. Huenda anajiuliza na yeye.